Tishu, rimu au kaki: karatasi ipi ununue Mombasa

Ukiingia supamaketi ya Nyali au duka la jumla la Biashara Street, utaona pakiti za tishu zilizochorwa jani la kijani. Jani hilo peke yake halithibitishi kitu. Kabla hujatoa pesa, jiulize: karatasi hii nikishaitumia, itakwenda wapi? Jibu ndilo lililonipangia nafasi hizi.

Ya kwanza: tishu iliyotokana na karatasi kuukuu. Tishu ikishatumika, safari yake imekwisha. Hakuna kiwanda kitakachoipokea tena. Kukata mti kwa ajili ya kupangusa mdomo mara moja ni israfu. Tafuta pakiti iliyoandikwa wazi "100% recycled", si ile inayojisifu tu kwamba inapenda mazingira. Hapa Kenya viwanda vya kutengeneza tishu kwa karatasi kuukuu vipo, Chandaria Industries kikiwa kimoja, kwa hivyo si lazima ununue iliyovuka bahari. Huenda ikawa na ukijivu kidogo na isiwe laini sana. Lakini katika nyumba nyingi za huku Pwani maji ndiyo yanayofanya kazi chooni, tishu ni ya kukaushia tu. Hizo za tabaka tatu zenye marashi ni za nini?

Bei usiilinganishe roli kwa roli. Soma idadi ya vipande kwenye pakiti, kisha bonyeza roli: mara nyingi nono ni hewa na tundu pana la katikati. Kama choo chako kinamwaga kwenye shimo, tia kipande ndani ya gilasi ya maji ukoroge. Kinachosambaratika upesi ndicho cha kununua. Vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto visiingie chooni kabisa. Vingi vina nyuzi za plastiki na havivunjiki.

Ya pili: rimu ya A4 yenye alama ya FSC. Hapa karatasi ya mti mpya naikubali. Kila karatasi inapotengenezwa upya nyuzi zake hufupika, hivyo nyuzi mpya lazima ziingie mahali, na bora ziingie kwenye karatasi itakayotumika pande mbili, kisha iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu na kugeuka tishu. FSC, shirika lililoanzishwa 1993, huweka masharti ya kutunza misitu, nao wakaguzi huru huikagua, na alama yake ni mti uliounganishwa na alama ya vema. Zipo aina tatu: "100%" ni mbao za misitu iliyokaguliwa, "Recycled" ni karatasi kuukuu, na "Mix" ni mchanganyiko. Ukiipata ya "Recycled" kwa bei unayoimudu, na printa yako inaipitisha bila matata, ichukue.

Angalia uzito pia. Rimu ya A4 ya karatasi 500 za gramu 80 (yaani gramu 80 kwa kila mita ya mraba) ina kilo mbili na nusu. Ya gramu 70 ina takriban kilo 2.2, nayo yatosha kwa barua na ankara. Shida ya gramu 70 ni kuchapa pande mbili: wino huonekana upande wa pili, na unyevu wa Mombasa huikunja haraka zaidi. Msimu wa masika usifungue rimu mbili kwa pamoja, wala usiziweke sakafuni. Karatasi iliyovuta unyevu hukwama kwenye printa, ukaishia kuitupa.

Ya tatu: tishu ya mianzi. Mwanzi hukua haraka, hilo ni kweli, lakini pakiti nyingi zimetoka China na bei yake ni kali. Soma viambato: nyingine zimechanganywa na mbao.

Ya nne: mifuko ya kaki. Ilishika soko baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Kwa mahamri sawa, ni heri kuliko gazeti lenye wino. Kwa kwenda Kongowea, chukua kikapu.

Ya mwisho: vikombe vya karatasi. Ndani vimepakwa plastiki ili visivuje, na kuvitenganisha ni kazi ngumu. Wauza kahawa wa Mji wa Kale wana vikombe vyao vya kuosha miaka yote. Ofisi nayo inunue dazeni ya glasi.

Risiti za mashine, zile nyepesi zinazofifia baada ya muda, usizichanganye na karatasi za kuuza kwa kilo. Zina dawa juu yake inayochafua fungu zima. Duka likikupa hiari ya kuipata kwa simu, ichukue hiyo.