Mama kutolewa kijinyama (polipu) tumboni kwa kamera hapa Dar: nyota 4

Jina la hospitali silitaji maana kuna jambo nitalilalamikia, ila anayempeleka mzazi kutolewa kijinyama kilichoota ndani ya tumbo, kwa kamera inayopitishwa mdomoni, asome. Mimi niliogopa damu tu, nikajua hatari yote iko siku ileile, kumbe kidonda kinaweza kuvuja hata wiki ya pili mko nyumbani.

Siku ya kliniki daktari alimwambia mama atoe dawa zote kwenye mkoba aziweke mezani. Mama anameza aspirini ya dozi ndogo, ya kuzuia damu kuganda, kila siku tangu apate kiharusi 2021, na mtaani walishatuambia aiache wiki nzima kabla. Daktari akasema hapana, msiache wenyewe, akaongea kwanza na daktari wake wa kiharusi wakakubaliana aendelee nayo, maana kwa mama damu kuganda kichwani ni hatari kubwa kuliko kidonda kuvuja. Wakampima wingi wa damu na inavyoganda. Hapo ndo moyo wangu ukatulia.

Baada ya kukitoa, daktari alinionyesha kwenye skrini. Sindano ya adrenalini inachomwa chini ya kijinyama, nyama inaumuka kama andazi kwenye mafuta, kitanzi cha waya kinakikaba, umeme unakata huku unachoma, halafu klipu 2 ndogo zinabana kidonda kama vibanio vya nguo. Zinadondoka zenyewe na kutoka chooni, ila ukienda kupiga MRI, kile kipimo cha mashine ya sumaku, uwaambie kwanza. Tukapewa omeprazo za wiki 8 za kupunguza asidi kidonda kifunge, na siku za mwanzo ale laini, uji na mtori uliopoa.

Sasa lalamiko. Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa Kiingereza kitupu na vifupisho, dawa za maumivu alizokatazwa zimeandikwa kitaalamu, hakuna aliyetusomea na mimi sikuuliza. Siku ya sita mgongo ukamkaza, akamtuma mjukuu duka la dawa akaletewa diklofenaki, moja ya zile alizokatazwa, akameza kidonge kimoja. Mchana nesi akapiga simu, nikaweka spika.

"Shikamoo mama, choo leo kina rangi gani?"
"Marahaba, cha kawaida tu mwanangu."
"Na leo umemeza dawa gani?"

Mama akaitaja. Yule dada hakugomba, akamwambia taratibu asiongeze hata kimoja, hiyo inachubua tumbo na inaleta damu, hasa ukiwa na aspirini juu yake, atumie panadol. Akarudia mara 2: choo kikiwa cheusi kinanata kama lami, au kizunguzungu na jasho la baridi, au akitapika kitu kama machicha ya kahawa, aje dharura hata saa 8 usiku, asisubiri kliniki.

Hakuvuja. Majibu ya maabara ya kile kijinyama yakatoka, sio kansa, alhamdulillah. Kwa yale maswali ya mwanzo na ile simu nawapa nyota 4, ya tano naiweka siku wakitoa ile karatasi kwa Kiswahili, na nimeshawaandikia.