TAHADHARI kwa waandishi wa riwaya za mapenzi: "mchapishaji" anayedai fedha na kuondoka na mswada

Ndugu waandishi, hasa ninyi mnaoandika riwaya za mapenzi na kuziuza sehemu kwa sehemu katika makundi ya WhatsApp, naomba mnisome hadi mwisho, kwa kuwa mtu aliyenichukulia shilingi 1,550,000 pamoja na hadithi yangu bado yuko kazini, na wateja anaowatafuta ni sisi. Simtaji kwa jina kwa sababu shauri liko polisi, na kwa sababu jina la biashara analotumia limekwisha kubadilika mara mbili tangu nianze kumfuatilia. Mbinu yake haijabadilika, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Mimi ni msusi, naishi Morogoro. Riwaya hiyo niliiandika kwa simu kwa muda wa miaka miwili, usiku baada ya kufunga saluni, nikawa naituma kundini kidogo kidogo. Sehemu 5 za mwanzo zilikuwa bure, na kwa zilizofuata msomaji alilipa shilingi 1,000 kwa wiki. Wasomaji walipozidi kuniuliza kitabu kitatoka lini, nilipeleka mswada kwa wachapishaji wawili. Wa kwanza hakujibu. Wa pili alinieleza kwa adabu kwamba soko lake ni shule, na kwamba hadithi ya mapenzi ya watu wazima haiwezi kuingia katika vitabu vya kiada wala vya ziada. Sikumlaumu, maana wachapishaji wengi wa Kiswahili huishi kwa fedha ya vitabu vya shule. Hata hivyo nimekuja kuelewa kwamba pengo hilo ndilo tapeli analopitia. Anajua kwamba mwandishi wa mapenzi amezoea kuambiwa kuwa anaandika mambo ya kipuuzi, kwamba wengine wetu tunaandika kwa majina ya kubuni ili wakwe wasijue, na kwamba mtu wa kwanza atakayetuita "mwandishi mahiri" tutamkaribisha ndani kabla ya kumuuliza anatoka wapi.

Ujumbe wake ulinifikia saa 4 usiku. Alijitambulisha kuwa mhariri mkuu wa kampuni ya uchapishaji ya Dar es Salaam, akaisifu hadithi yangu kwa maneno mazuri kuliko niliyowahi kuyasikia kutoka kwa mtu yeyote, na akataja mandhari ya stesheni na barua iliyosahaulika ndani ya kapu. Nilichelewa sana kugundua kwamba kila alichokisifu kilikuwa ndani ya zile sehemu 5 za bure, na kwamba hakuwahi kusema neno hata moja juu ya harusi iliyovunjika, ambayo ndiyo kiini cha riwaya nzima.

Fedha alizichukua kwa awamu, na kila awamu ilikuwa ndogo kiasi cha kunifanya nione kuwa kuacha ni hasara kuliko kuendelea. Alianza na shilingi 120,000 za kusoma na kutathmini mswada, akafuatia na 350,000 za uhariri, kisha 180,000 za jalada na ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, na mwisho 900,000 aliyoiita nusu ya gharama za kuchapa nakala 500, akidai kwamba nusu nyingine inatoka kwa kampuni. Malipo yote yalikwenda kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Nilipoomba risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, alinitumia picha ya karatasi yenye muhuri.

Huo uhariri wenyewe nitausimulia, kwa sababu hata leo mume wangu hucheka akiukumbuka. Mswada ulirudi baada ya siku tatu. Mtu huyo alikuwa ameamua kwamba neno "pendo" lina hadhi kuliko "penzi", akabadilisha kwa mkupuo katika kitabu kizima bila kusoma, hivyo kila "mpenzi" akawa "mpendo", "kipenzi changu" ikawa "kipendo changu", na shujaa wangu, mwanamume aliyekuwa akimwita mkewe kipenzi tangu ukurasa wa pili, akasomeka kama mtu mwenye kigugumizi. Nilipolalamika aliniambia kwamba huo ndio mtindo wa kampuni. Nikanyamaza, nikalipa awamu iliyofuata.

Nilipokea nakala 40 badala ya 500, zimebandikwa kwa gundi iliyoachia mara tu kitabu kilipofunguliwa. Wiki hiyohiyo akaomba 600,000 nyingine ili kitabu kipelekwe kwenye maonesho ya nje ya nchi na kwa watayarishaji wa filamu. Hapo ndipo nilipokataa, naye akaacha kupokea simu. Baada ya miezi miwili msomaji wangu mmoja alinitumia PDF aliyoinunua katika kundi jingine: hadithi ni yangu, "mpendo" wamo wote, na kwenye jalada pana jina la mwandishi nisiyemfahamu.

Kuhusu ISBN, nawaomba mjifunze kuichunguza wenyewe, maana haihitaji utaalamu. Kwa Tanzania Bara namba hizo hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na namba za Tanzania baada ya 978 huendelea kwa 9976, 9987 au 9912, kama za Kenya zinavyoweza kuendelea kwa 9966. Namba ina tarakimu 13. Chukua ya kwanza uizidishe kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, hivyohivyo hadi ya mwisho, kisha jumlisha. Kama jumla haigawanyiki kwa 10 bila baki, namba hiyo ni ya kubuni au imekosewa. Ya kwangu niliikokotoa nyuma ya daftari la wateja wa saluni, nikapata 117. Hata hivyo kukokotoa kunamfichua tu tapeli mvivu. Namba inaweza kuwa sahihi kihesabu na ikawa ya kitabu cha mtu mwingine, kwa hiyo ni lazima kuiuliza Bodi yenyewe.

Jambo lililoniumiza kuliko fedha ni mkataba. Ulikuwa na kurasa mbili, na katika ukurasa wa pili palikuwa na kifungu kinachosema kwamba mwandishi anahamishia kampuni haki zote za kazi "kwa muda wote wa hakimiliki". Nilidhani ni muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ya mwandishi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake nilisaini kwamba wajukuu wangu nao hawatapata kitu. Ofisa wa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, alinieleza kwamba hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, ila usajili na kumbukumbu za tarehe husaidia sana mtu anapotakiwa kuthibitisha. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA.

Naomba pia tuache kuchanganya mchapaji na mchapishaji, kwa kuwa tapeli huyu anaishi katikati ya maneno hayo mawili. Mchapaji ana mashine. Unampa fedha, anakupa nakala ulizolipia, na vitabu vyote pamoja na haki zote vinabaki kwako. Hiyo ni biashara halali, na wapo mafundi wazuri Kariakoo ambao nimewafahamu baadaye na ambao wangenifanyia kazi nzuri zaidi kwa fedha ileile. Mchapishaji ndiye anayeingiza mtaji wake katika uhariri, jalada na uchapaji, akauza, kisha akakulipa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, ambao mara nyingi huwa karibu asilimia 10. Anayekutoza kama mchapaji huku akichukua haki kama mchapishaji anakula pande zote mbili.

Wizi wa miswada kwa kujifanya mchapishaji haupo kwetu tu. Mwezi Januari 2022 alikamatwa New York Filippo Bernardini, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya uchapishaji mjini London, na mwaka uliofuata alikiri kosa katika kesi iliyohusu miswada zaidi ya 1,000 iliyopatikana kwa baruapepe zinazofanana na za wachapishaji halisi. Katika baadhi ya anwani herufi r na n zilibananishwa ili zisomeke kama m. Wa kwetu hakuhitaji ujanja wa kiasi hicho. Aliongeza herufi moja tu kwenye jina linalofanana na la kampuni inayojulikana, nami sikwenda BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kuangalia kama jina hilo limesajiliwa.

Kama amekwisha kukufikia, usifute chochote. Hifadhi ujumbe, namba za miamala na mswada wa awali wenye tarehe, nenda polisi upewe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, na uripoti namba yake ya simu kwa kuituma 15040. Wenzangu watatu niliowapata mpaka sasa, mmoja wa Iringa na wawili wa Dar es Salaam, wana mkataba uleule, na kosa lilelile la tahajia katika kifungu cha nne.

Wa karibuni kabisa ni dada mmoja wa Tanga, aliyeniletea ujumbe wa wiki mbili zilizopita kutoka namba mpya na jina jipya. Ujumbe unamsifu kwa "mwisho wa sura ya kwanza ulionitoa machozi". Dada huyo alikuwa ametangaza kundini jina la riwaya tu. Sura ya kwanza hajaiandika.