Gesti tuliyofikia Salvador, Brazil, na kesi ya taulo

Nilikuwa nataka kuipa nyota tatu. Ila nikimkumbuka yule kaka wa mapokezi naona hata mbili ni upendeleo.

Tulikuwa washkaji wanne kutoka Dar, hakuna aliyewahi kutoka nje ya nchi, tukapita Addis, tukashuka São Paulo, tukaunganisha mpaka Salvador, tumechoka hatujielewi. Gesti yenyewe iko Pelourinho, mji mkongwe wa kule juu, nyumba za rangi rangi na barabara za mawe, ukija na visigino utajuta. Jina silitaji, sitaki kuwatangaza bure. Eneo zuri hilo sikatai, unatembea kidogo unafika Elevador Lacerda, lifti ya kushukia mji wa chini, ipo tangu 1873 na bado inapiga kazi, wakati shawa ya chumbani kwetu maji moto ni ya kubahatisha. Tulisamehe.

Sasa taulo. Moja kati ya tulizopewa lilikuwa na doa la rangi ya chungwa tangu siku ya kwanza, na mwenzetu mmoja alilipiga picha palepale maana yeye kila kitu anakishuku. Siku ya kuondoka tuko mezani tunakunywa chai, kaka huyo anakuja amelishika kwa ncha za vidole kama kaokota panya, analipeperusha mbele ya wageni wote, "dendê! dendê!", mawese hayo. Eti tumekula acarajé tukafutia mikono taulo lake.

Acarajé tulikula ndiyo, tena sana, ni bajia za kunde zinakaangwa kwenye mawese, zinapasuliwa zinajazwa vatapá (rojo zito la mkate, kamba na tui la nazi), kamba wakavu, bamia na pilipili ya kukutoa machozi, wale mama wa magauni meupe wanakuuzia hapo barabarani. Lakini jamani sisi tunajua kunawa! Na meza ya pili kulikuwa na Wazungu wametoka bichi na michanga yao mpaka kwenye makochi, hakuna aliyewauliza kitu. Hapo ndo paliponiuma. Mji ambao mtaani watu wanatuongelesha Kireno wakidhani ni wa hapohapo, halafu ndani ya gesti sisi ndo wachafu.

Tukamwonyesha picha, akasukuma simu pembeni hata hajaangalia. Akakata hela kwenye dipoziti, hela ambayo Kariakoo nafungua kibanda cha mataulo. Hata wale jamaa wa utepe wa Bonfim, ule utepe wa bahati wa kanisa la Bonfim, anakufunga mkononi anasema zawadi halafu anadai hela, angalau wanakuibia wakikuchekea.

Mwanzoni nilitaka kuandika kuhusu misa ya Jumanne jioni pale Rosário dos Pretos, kanisa lililojengwa na watu weusi wenyewe, wengi wao wakiwa watumwa, ngoma zinapigwa ndani ya misa, mshikaji wetu Muislamu alisimama mlangoni hadi mwisho akagoma kuondoka. Lakini kila nikianza naliona taulo.

Ila kuna mama wa jikoni pale. Alisikia kelele akatoka na mwiko mkononi, akamwambia yule kaka maneno ya haraka haraka hatukuelewa hata moja, jamaa kimya, akarudi kaunta. Mama akatuongezea tapioca ya nazi, kama chapati ya wanga wa muhogo, papai na kahawa, akatupigapiga mabegani. Chai yake ya asubuhi peke yake ni nyota nne, sitanii, mihogo ile sijawahi kula Dar.

Kwa hiyo wewe ukipita Salvador sijui nikwambieje. Usilale pale. Au lala, ila taulo njoo nalo lako. Naweka mbili, zote za yule mama, na hela wakirudisha nitaongeza moja. Hapana, warudishe na yule kaka aombe radhi, tena pale pale mezani.