Prosesa ya kompyuta mpakato kwa gemu za 4K na kadi ya nje: ipi ununue ukiwa Mbeya

Pale Mwanjelwa mteja akiingia dukani huuliza, "Ni Core i7?" Akijibiwa ndiyo, anatoa hela. Kwa anayetaka kuchomeka kadi ya grafiki ya nje (inayokaa kwenye boksi lake na kuungwa kwa kebo) acheze gemu kwenye monita ya 1440p au 4K, swali hilo halitoshi. Kabla ya prosesa, geuza mashine uangalie poti ya Type-C. Pembeni yake tafuta alama ndogo ya radi. Hiyo ni Thunderbolt, njia ambayo kadi yako itapitia.

Nasema kwa uchungu. Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa stika ya i7 na Type-C isiyo na alama yoyote. Nikafika nayo Uyole usiku, nikachomeka boksi la kadi, taa ikawaka, feni zikazunguka, na kompyuta haikuona kitu. Poti ile ilikuwa ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Muuzaji akakataa kuipokea.

Sasa prosesa. Picha ya 4K ina nukta milioni 8.3, mara nne ya 1080p, na kuzichora ni kazi ya kadi. Prosesa inapanga mambo yaleyale kwa kila fremu, yaani kila picha inayopita kwenye kioo: adui asogee wapi, risasi imefika wapi. Kwa hiyo ukipandisha idadi ya nukta anayeelemewa ni kadi, na fremu zikipungua prosesa inapumua. Ndiyo maana simshauri mtu amalize akiba yake kwenye i9. Tafuta kori (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) zenye kasi, zinazoweza kuishikilia kasi hiyo muda wote unaocheza.

Ya kwanza kwangu ni Core i7-12700H, au i7-13700H ya kizazi kilichofuata. Zina kori 14, sita kati yake za nguvu, na zimeundwa kwa wati 45. Ukiipata kwenye mashine yenye Thunderbolt 4, acha kuzunguka madukani.

Ya pili ni Ryzen 7 7840HS: kori nane, zote za nguvu, na haili umeme sana. Naishusha kwa sababu moja tu. Chipu yenyewe inaiweza USB4, njia inayofanana na Thunderbolt, lakini si kila mtengenezaji ameiunganisha kwenye poti. Ukiona 40 imeandikwa pembeni ya poti, ni dalili nzuri.

Ya tatu ndiyo ningemnunulia mdogo wangu wa chuo: Core i5-1240P. Ina kori 12, nne za nguvu na nane ndogo, idadi ileile ya i7-1260P. Tofauti yao ni kasi kidogo na kumbukumbu ya ndani, na chenji inayobaki ni heri uiongezee kwenye kadi.

Ya nne, i7-1165G7 ya mwaka 2020, ina kori nne tu. Gemu za mpira na za zamani itazimudu vizuri. Kwenye miji mikubwa yenye watu na magari mengi itakwamakwama.

Kizazi cha nane cha Intel Core chenye herufi U mwishoni mwa jina kiache, hata kikiwa na alama ya radi. Kwa kawaida ni cha wati 15, na baadhi ya mashine zake zilipewa nusu tu ya njia za Thunderbolt. MacBook za chipu za M nazo ziache, hazikubali kadi ya nje kwa gemu.

Monita ichomeke kwenye kadi yenyewe. Picha zikirudi kwenye kioo cha mashine zinabanana kwenye kebo ileile, na fremu zinapotea. Boksi pia halina betri: umeme ukikatika kadi inazimika na gemu inaanguka papo hapo, hata kama mashine bado inawaka. Tenga hela ya UPS.

Dukani omba chaja yake halisi, ipe mashine kazi nzito kwa dakika 15, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, kisha tazama kasi ya prosesa. Ikishuka taratibu, sawa. Ikidondoka chini ya GHz 2 na kubaki huko, huenda feni imejaa vumbi au pesti ya kupitisha joto la prosesa imekauka. Na kama unaijaribu Julai, baridi isikudanganye: mashine inayotulia Uyole inaweza kuchemka ukishuka nayo Kyela.