Mlango au injini: kinga ipi risasi zinaporushwa?
Polisi wa Marekani anayeshambuliwa kwa risasi akiwa kando ya gari lake ana kinga mbili za karibu, mlango na injini, lakini hazilingani hata kidogo. Mlango wa kawaida ni bati jembamba, plastiki na kioo, na risasi ya bastola ya milimita 9 huupenya mara nyingi, isipokuwa umewekewa mabamba maalumu, kama baadhi ya magari ya polisi ya Ford. Injini, pamoja na rimu na diski za breki za mbele, huzuia zaidi. Ila risasi inayogonga boneti huweza kuteleza juu yake, hivyo ni heri kukaa nyuma kidogo kuliko kuliegemea gari. Njia ikiwa wazi, mimi ningeondoka kwanza.