Sickle SCAN: kipimo cha selimundu kwa mtoto mwenye maumivu yasiyoeleweka

Mtoto wa mwaka mmoja amevimba vidole vya mikono na miguu, analia akiguswa, malaria hana, na kila mwezi anaandikiwa panadol. Pimeni selimundu. Kifaa hiki kinastahili kuwepo kila zahanati: damu mikrolita 5 kutoka kidoleni, changanya na kimiminika chake, pindua kichupa mara 3, mwaga matone 3 ya kwanza, dondosha 5 kwenye kaseti, subiri dakika 5. Mstari wa kudhibiti usipotokea, tupa urudie.

Mistari ya A (himoglobini ya kawaida) na S (himoglobini ya selimundu) ikitokea pamoja, kwa kawaida ni mbebaji tu, yaani ana jeni moja ya selimundu bila kuugua. Hiyo haielezi maumivu, endeleeni kutafuta. S bila A ndiyo ugonjwa, ila thibitisheni kwa HPLC (kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini), maana S yenye talasemia (ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini) huweza kutoa picha ileile.

Kosa baya kabisa ni kumpima mtoto aliyeongezewa damu ndani ya miezi 3. Damu ya mchangiaji huchora mstari wa A, na mgonjwa anarudishwa nyumbani kama mbebaji. Ulizeni kwanza! Kile kipimo cha zamani cha slaidi hakitofautishi AS (mbebaji) na SS (mgonjwa). Kwa mtoto tusikitegemee.