Magadi ya sokoni badala ya dawa ya kopo: uzoefu wangu wa kusafisha oveni Tanga

Ninayoyapitia hapa ni magadi ya kawaida, yale yale ya kulainishia maharage, yanayouzwa Mgandini kwa mafungu. Nimeyatumia kusafishia oveni ya jiko la gesi la kusimama, plate nne juu na oveni chini, inayooka karibu kila siku: mkate wa kumimina, keki, kuku, na samaki wa kupaka. Kwa kuta na sakafu ya oveni nayapa nne kwa tano. Kwa kioo cha mlango nayapa mbili, na sababu nitaieleza. Bei haina mjadala: magadi ya kusafisha oveni nzima mara nyingi hayafiki nauli ya bodaboda ya kwenda kuyanunua.

Kwanza ujue unasafisha nini, maana uchafu wa oveni si wa aina moja. Unga wa mkate wa kumimina ukifurika na kudondoka chini, unachoungua pale ni wanga na sukari. Huwa mgumu kama jiwe, lakini hauhitaji dawa yoyote. Unataka mvuke tu. Weka bakuli la maji ya moto lisilopasuka kwa joto kwenye rafu ya chini, washa oveni nyuzi 150 kwa dakika 20 hadi 30, zima, acha mlango umefungwa mpaka ipoe kiasi cha kushikika. Utaubandua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Mafuta ya kuku na tui la samaki ni habari nyingine. Mafuta yakirukia ukuta wa moto tena na tena, hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuwa ngozi ngumu ya kahawia, halafu nyeusi inayong'aa kama lami. Hiyo maji hayaiwezi, na sabuni ya kuoshea vyombo huteleza juu yake tu.

Ngozi hiyo ya mafuta inavunjwa na alkali, yaani kitu kilicho upande wa magadi na majivu, kinyume cha ndimu na siki. Alkali ikikutana na mafuta huyageuza kuwa sabuni, na sabuni hufutika kwa maji. Dawa nyingi za kopo za oveni zina kostiki soda, ambayo ndiyo alkali kali kuliko zote zinazoingia jikoni. Soda ya kuokea keki iko mwisho wa pili: ni alkali dhaifu sana. Magadi yako katikati, kwa sababu ndani yake kuna soda mbili zilizoungana, ile ya kuokea na ile ya kufulia ambayo ina nguvu zaidi. Ndiyo maana magadi hufanya kwa usiku mmoja kazi ambayo soda ya kuokea huirudia mara mbili au tatu, na hayaunguzi ngozi ya mikono kama kostiki. Glavu za mpira bado uvae. Yakikaa kwenye vidole kwa saa nzima yanachubua.

Kasoro kubwa ya magadi ya sokoni ni mchanga. Hutoka kwenye maziwa ya magadi kama Natron, na huja na udongo na chembe ngumu. Ukiyasaga ukayapaka moja kwa moja na kuanza kusugua, chembe hizo zitachora enameli, yaani ule upako mgumu unaong'aa juu ya bati la oveni, na kioo, na mchoro ule haufutiki tena. Kwa hiyo yayeyushe na kuyachuja. Gramu 100 za magadi yaliyopondwa, ambazo ni vijiko vikubwa 6 au 7 vilivyosawazishwa, zitie kwenye nusu lita ya maji ya moto. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha stili. Usitumie sufuria ya alumini, kwani magadi makali kiasi hiki yanaila na kuitia weusi. Koroga, acha yatulie dakika 15, utaona tope la kijivu limekaa chini. Mimina maji ya juu taratibu kupitia kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara mbili. Kisha tia kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji, ili mchanganyiko ushike kwenye ukuta wenye mafuta badala ya kujikusanya matone na kuteremka.

Kabla ya kupaka, funga gesi kwenye mtungi, siyo kwenye kitufe cha jiko peke yake. Kama oveni ni ya umeme, chomoa plagi. Oveni iwe vuguvugu, ya kuweka kiganja bila kukitoa. Ikiwa ya moto sana maji hukauka kabla ya kufanya kazi, na yanaacha chumvi nyeupe tu. Toa rafu, toa na bati la sakafu kama linatoka. Chini yake kuna bana ya gesi, yaani bomba lenye matundu ambamo moto hutoka, na hiyo usiimwagie kitu. Angalia pia juu, pembe ya nyuma: kuna kijiti chembamba cha shaba kilichobanwa kwa klipu. Hicho ndicho kinachopima joto. Usikipake, usikisugue na usikikunje, kwa sababu kikipinda, kipimo cha joto kinaanza kudanganya na keki zinaungua juu huku ndani ni mbichi. Karibu na bana kuna kijiti kingine kinachohisi moto, kinachoruhusu gesi kuendelea kupita. Nacho kiache.

Sasa ndiyo hatua ambayo watu wengi huikosea. Wanapaka, wanasubiri dakika 10, wanaanza kusugua kwa stilwaya kwa nguvu zote, halafu wanasema magadi hayafai. Kinachosafisha hapa ni muda pamoja na unyevu. Alkali iliyokauka haifanyi kitu. Na ukuta wa oveni umesimama wima, maji hayakai. Dawa yake ni matambara ya pamba: vipande vya fulana au shuka kuukuu. Vichovye, vikamue kidogo tu visidondoshe, vibandike ukutani kama unavyobandika tangazo, vilale bapa bila mapovu ya hewa. Juu yake weka plastiki nyembamba ile ya kufunikia chakula. Usifunike kwa foili, ni alumini, magadi yataitoboa na kukuachia madoa ya kijivu. Funga mlango, acha saa 8 hadi 12. Wakati wa masika, hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha, matambara hukaa mabichi hadi asubuhi. Wakati wa kaskazi yaangalie kabla ya kulala, uyanyunyizie maji ya moto kama kingo zimeanza kukauka.

Asubuhi bandua tambara moja na utazame. Mahali palipofanikiwa, ule weusi uliong'aa umepoteza mng'ao. Umekuwa kahawia, unateleza kama asali ya miwa, na ukipitisha kidole unaondoka na kuacha enameli ya rangi yake. Tambara lenyewe limekuwa rangi ya chai. Mahali palipobaki pameng'ang'ania, utaona visiwa vyeusi vyenye kingo zilizoanza kunyanyuka. Pitisha kadi ya plastiki chini ya ukingo huo, usipitishe kisu. Visiwa vinene rudia usiku wa pili. Ukoko wa miaka mitatu hauishi kwa usiku mmoja, na ni heri kurudia kuliko kukwangua enameli hadi bati lionekane. Kwa hewa hii ya chumvi ya bahari, bati likionekana tu kutu haikawii.

Rafu za waya ndizo rahisi kuliko vyote. Zilaze kwenye beseni kubwa la plastiki, maji ya moto yazifunike, tia vijiko vikubwa vinne vya magadi na sabuni kidogo, ziache usiku kucha. Zisugue kwa dodoki au mswaki wa zamani. Stilwaya nzito inatoa ile rangi ya fedha juu ya waya, na chini yake kuna chuma. Sinia na trei za alumini usizitie humo kabisa.

Kwenye kioo cha mlango ndipo magadi yanapopoteza alama. Hata yakichujwa, yakikauka huacha ukungu mweupe unaohitaji kufutwa mara kadhaa, na chembe moja ikipenya inachora. Kwa kioo natumia soda ya kuokea: vijiko vikubwa vitatu na kijiko kimoja cha maji, uji mzito wa kupakika, uache dakika 30 hadi 60, futa kwa kitambaa laini. Soda hiyo ni laini kuliko kioo. Mafuta yaliyoingia katikati ya vioo viwili hayafikiwi na dawa yoyote inayopakwa nje. Lazima ufungue skrubu za mlango utoe kioo cha ndani, na kabla ya kukitoa uweke alama upande upi unatazama oveni, maana vioo vingine vina upande mmoja uliopakwa kuzuia joto. Mpira wa mlango futa kwa kitambaa chenye sabuni tu. Ukiulowesha magadi unakakamaa, joto linaanza kuvuja.

Siki nayo ina mahali pake, ila si pale inapowekwa na wengi. Kuichanganya na magadi au soda kunatoa mapovu mengi yanayopendeza macho, lakini mapovu hayo ni alkali na asidi zikiuana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo, hayana nguvu juu ya mafuta. Siki itumie mwisho, baada ya kufuta magadi yote: nusu siki nusu maji, pitisha ukutani, ule ukungu mweupe unatoweka. Kisha maji matupu mara mbili. Na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe isiingie kabisa kwenye kazi hii. Haitoi mafuta, na ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu.

Dawa ya kopo nayo haistahili kudharauliwa. Kwa ukoko mzito uliozeeka inafanya kwa nusu saa hivi kile ambacho magadi yanafanya kwa siku mbili. Gharama yake ni harufu inayokaba koo, madirisha yote wazi, glavu ndefu, macho yakingwe, na kusuuza kwa makini, kwa sababu mabaki yake yakipashwa moto yanatoa mvuke mbaya juu ya chakula. Haifai pia kwenye oveni zinazojisafisha zenyewe kwa joto kali, wala kwenye zile kuta za kijivu zenye mkwaruzo ambazo hunywa mafuta. Kuta hizo hata magadi usizipake. Na wanaotengeneza sabuni ya nazi nyumbani wasishawishike kuchukua kostiki yao ya vipande na kuinyunyiza kwenye oveni yenye maji. Inachemka hapo hapo na kuruka usoni.

Kabla ya kuoka tena, acha mlango wazi saa kadhaa, kisha washa nyuzi 120 kwa dakika 20 bila chakula. Tazama moto wa bana: uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na kuacha masizi, kuna tundu limezibwa na unga wa magadi. Zima, acha ipoe, zibua kwa pini nyembamba bila kulipanua tundu.

Sakafu ya oveni usiitandike foili ili isichafuke tena. Kwenye oveni ya gesi unaziba njia za hewa, moto unakosa pumzi, mkate unaiva upande mmoja, na gesi mbaya isiyo na harufu inaweza kujaa jikoni. Trei ndogo kwenye rafu ya chini, yenye nafasi pande zote, inatosha kudaka matone ya tui.

Magadi yanayobaki yaweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, la sivyo unyevu wa pwani unayafanya bonge moja. Liandike kwa kalamu nene kuwa ni ya oveni, ulitenge na lile la maharage.